AC Imezimwa, Umeme Bado Upo

Joto la Dar es Salaam likianza kubana, kuanzia Novemba mpaka Machi, simu za wateja huja na maneno yaleyale: "Dada fundi, AC haipoozi, njoo uniongezee gesi." Wengine huwa wameshaulizia bei ya gesi Kariakoo kabla hawajanipigia. Huwa nawajibu kwamba gesi ya AC si petroli, haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua ujue kuna mahali panavuja. Kwa hiyo kabla sijagusa mtungi wa gesi, natoa mita.

Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Nilisomea VETA Chang'ombe, na kazi yangu iko kwenye nyumba na maduka ya watu, kuanzia Tabata mpaka Mikocheni. Ninachotaka kukieleza hapa ni jinsi vifaa vya umeme vya AC vinavyopimwa bila fundi kujiua na bila mwenye nyumba kuibiwa. Sisemi na mafundi peke yao. Wewe unayeita fundi ndiye unayesimama pembeni ukimwangalia, na ukijua anachotakiwa kufanya, utamtambua fundi wa kweli kabla hajakutajia bei.

Mzee mmoja wa Tabata aliambiwa kompresa ya AC yake imekufa. AC yenyewe ilikuwa ya BTU 12,000, haina hata umri mkubwa. Bei aliyotajiwa ilikaribia bei ya AC mpya, na aliyemtajia hakufungua skrubu hata moja. Nilipofika niliiwasha nikasikiliza. Feni ya nje ilizunguka vizuri. Kompresa ikanguruma sekunde chache, ikagonga "ta!" na kunyamaza. Baada ya dakika kadhaa ikarudia vilevile. Nikazima, nikafungua, nikapima kapasita. Ubavuni imeandikwa mikrofaradi 35, mita ikasoma 11. Nikaweka nyingine ya 35, nikawasha, kompresa ikaitika mara moja, na mita ya klampu ikasoma ampea tano. Mzee akaweka mkono mbele ya upepo, akaniuliza, "Binti yangu, sasa yule mwenzako aliona nini?" Nikamwambia, "Hakupima, mzee."

Kosa hilo nalikuta kila msimu wa joto. Kapasita ya kuendeshea kompresa ni kifaa cha bei ndogo, na ndicho kinachochoka mapema kwa sababu ya joto la jua ukutani na umeme unaopanda na kushuka. Ikidhoofika, kompresa inakosa msukumo wa kuanza kuzunguka, inavuta umeme mwingi, inapata joto, na kinga iliyomo ndani yake inakata. Sehemu ya ndani ya AC inaendelea kupuliza hewa ya kawaida, na mwenye nyumba anasema gesi imeisha. Lakini kapasita hiyohiyo ndogo ndiyo inayowapiga mafundi wengi, na ndiyo maana lazima nianze na kuzima.

Kuzima AC kwa rimoti si kuzima umeme. Rimoti inaiambia bodi isimamishe kazi; zile volti 230 zimebaki palepale kwenye terminali. Naanzia kwenye breka ya AC kule kwenye mein swichi, kisha swichi ya ukutani iliyo karibu na AC, kisha isoleta ya nje kama ipo. Breka nikishaishusha naibandika utepe mwekundu na kumwambia kila aliyemo ndani kwamba asiiguse mtu. Nyumba zetu zina watu wengi, na anayekuta breka imeshuka kitu cha kwanza kumjia ni kuipandisha.

Hata hapo sijamaliza. Breka nyingi ndogo za nyumbani zinakata waya mmoja tu, ule wa moto. Kama aliyefunga nyaya aligeuza, akapitisha nyutro kwenye breka na moto akaupeleka moja kwa moja, breka itashuka, AC itanyamaza, na kwenye terminali za sehemu ya nje waya wa moto bado una umeme wake wote. Nyumba za namna hiyo nimezikuta. Rangi nazo si za kuaminiwa: kwenye nyumba za zamani moto ni mwekundu na nyutro ni nyeusi, kwenye mpya moto ni kahawia na nyutro ni bluu, na kwenye nyumba iliyojengwa chumba baada ya chumba utazikuta zote zimeunganishwa kwa namna anayoijua aliyeziunganisha.

Tena usiniambie "TANESCO wamekata, fungua tu ufanye kazi." Maghorofa na ofisi nyingi za mjini zina jenereta inayojiwasha yenyewe. Giza likiingia, sekunde chache tu umeme umerudi, na fundi aliyeamini giza ana kidole kwenye kontakta, ile swichi inayowasha kompresa. Umeme ukiwa umekatika, breka inashushwa vilevile.

Kifuniko kikishatoka, napima kabla ya kugusa. Kwanza mita naijaribu kwenye soketi ninayojua ina umeme, nione inasoma 230 au karibu yake. Ndipo naipeleka kwenye terminali za AC: moto na nyutro, moto na ethi, nyutro na ethi. Zote zikisoma sifuri narudi kwenye ile soketi kuhakikisha mita yenyewe haijafa katikati ya kazi. Wateja wengine huona nazungukazunguka bila sababu. Sababu ni kwamba mita iliyokufa husoma sifuri kila mahali, hata penye umeme. Ukiiamini hiyo sifuri bila kuijaribu mita, umeweka roho yako kwenye betri ya volti tisa.

Mita yenyewe iwe ya maana. Natafuta iliyoandikwa CAT III na volti 600, yenye nyaya zisizopasuka na fyuzi halisi ndani. Na kabla ya kupima volti natazama ule waya mwekundu umechomekwa wapi. Ukiuacha kwenye tundu la kupimia ampea kisha ukagusa moto na nyutro, umeunganisha shoti kwa mikono yako miwili. Cheche zinakurukia usoni. Ile testa ya bisibisi yenye kitaa kidogo siitegemei kwa jambo hili. Juani kitaa chake hakionekani, na kuwaka kwake kunategemea hata viatu ulivyovaa.

Sasa kapasita. Ni kopo la aluminiamu au boksi dogo la plastiki jeusi, ndani yake karatasi nyembamba za plastiki zilizopakwa metali zimekunjwa pamoja. Kazi yake ni kuhifadhi chaji na kuiachia. Umeme wa volti 230 unapofika kileleni katika kila wimbi lake ni kama volti 325, na kapasita iliyo kwenye mota inayozunguka hupata zaidi ya hapo. Ndiyo maana kwenye kopo huandikwa volti 400 au 450. AC ikizimwa wakati kapasita imejaa, na hakuna kitu cha kuimwaga chaji hiyo, inabaki nayo. Breka imeshuka, soketi imekufa, mita imesoma sifuri kwenye terminali za kuingilia, na lile kopo bado limeshika.

Chaji ya kapasita ndogo namna hiyo ni ya kukurusha mkono zaidi ya kukuua papo hapo. Lakini fikiria AC zetu zinapofungwa. Za nje zimening'inizwa kwenye kuta za ghorofa ya tatu Upanga na Kariakoo, fundi amesimama kwenye ngazi ya kuunganisha au amekalia ukingo wa dirisha, ametota jasho, na jasho linafungulia umeme njia kwenye ngozi. Akirushwa hapo, kitakachomuua ni sakafu iliyo chini. Sifanyi kazi ya juu bila mkanda, na kijana ninayemfundisha haruhusiwi kupanda akiwa peke yake.

Kumwaga chaji kwa kuzibana terminali na bisibisi ndiyo desturi ya mitaani. Inalia "pa!", bisibisi inatoboka ncha, na watu wanacheka. Mimi naikataza. Mshtuko ule wa ghafla unaweza kuiharibu kapasita iliyokuwa nzima, na mkono ukiteleza cheche zinaingia machoni. Natumia rezista ya kiloomu 20, ya wati 5, iliyofungwa kati ya nyaya mbili zenye klipu na mipini ya plastiki. Naigusisha kwenye terminali mbili, nahesabu polepole mpaka kumi, kisha napima volti za DC kwenye hizo terminali. Kwa kapasita ya mikrofaradi 35, sekunde nne zinatosha. Zilizobaki ni za usalama. Zile kopo zenye terminali tatu, zilizoandikwa C (ya pamoja), HERM (ya kompresa) na FAN (ya feni), ni kapasita mbili ndani ya moja. Namwaga C na HERM, kisha C na FAN, kwa sababu ukimwaga upande mmoja mwingine bado una chaji yake.

Baada ya hapo ndipo napiga picha ya nyaya kwa simu, nazichomoa, na kuweka mita kwenye mikrofaradi. Iliyoandikwa 35 na asilimia 5 inatakiwa isome kati ya 33 na 37 hivi. Ikisoma 28 haitoki kwenye mkono wangu kurudi ndani ya AC, hata kama kompresa bado inajikongoja. Kutuna kwa kopo ni dalili nzuri ya kapasita iliyokufa, lakini nyingi hufa bila kutuna kabisa, kwa hiyo jicho halitoshi. Unayonunua iwe na mikrofaradi zilezile. Volti zake zinaweza kuzidi za ile ya zamani, zisipungue.

Kontakta, kwenye AC zilizo nayo, naiangalia kwa macho kwanza. Sehemu zinazogusana zikiwa nyeusi na zenye mashimo, umeme unapita kwa shida na zinapata joto. Hewa ya chumvi ya pwani inakula terminali mpaka zinageuka kijani, na waya uliolegea unaungua taratibu bila breka kushuka. Mjusi na sisimizi nao: wanapenda joto la ndani ya kile kisanduku, na mjusi mmoja akilala juu ya bodi anaweza kuiunguza. Nafunga kila tundu la waya nikimaliza, tena kwa plasta nzuri.

Kompresa ina terminali tatu: C (ya pamoja), R (ya kuendeshea) na S (ya kuanzishia). Nazipima omu nikiwa nimezichomoa nyaya zote, maana ukiziacha mita inasoma kupitia nyaya za feni na kukudanganya. Hesabu yake ni rahisi na haina mjadala: C na R ni ndogo, C na S ni kubwa kidogo, na R na S inatakiwa iwe jumla ya hizo mbili. Kwa mfano omu 2 na omu 3, basi ya tatu ni omu 5. Ikitoka tofauti kabisa, koili ina tatizo. Lakini kuna hali moja inayowaponza mafundi wengi. Mita inaonyesha njia imekatika kati ya C na R, na kati ya C na S, ila R na S inasoma vizuri. Hiyo ni ile kinga ya joto iliyomo ndani imefunguka. Kompresa ni ya moto tu. Iache ipoe, hata saa kadhaa, kisha upime tena. Naamini kompresa nzima nyingi za mji huu zimeishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa sababu fundi hakuwa na subira ya kusubiri ipoe.

Baada ya koili napima kama umeme unavuja kwenda kwenye ganda la chuma la kompresa. Mita ya kawaida inatumia volti chache za betri, haiwezi kugundua vanishi ya koili iliyoanza kuchoka. Kwa hilo natumia mega ya volti 500, waya mmoja kwenye terminali na mwingine kwenye bomba la shaba lililosuguliwa likang'aa. Nikipata chini ya megaomu moja, kompresa hiyo siiwashi. Mega haitumiki kabisa kompresa ikiwa imevutwa hewa kwa pampu, kwa kuwa ndani ya ombwe umeme unaruka kwa urahisi na utaiua wewe mwenyewe. Na kompresa yenye gesi ndani usiigonge wala usiusogeze uso karibu na terminali zake ikiwa inawashwa. Terminali iliyooza ikichomoka, mafuta na gesi hutoka kwa nguvu na vinaweza kuwaka. AC nyingi mpya zina gesi ya R32, ambayo inashika moto kwa kiasi. R290 ni propani, inawaka kama gesi ya kupikia. Nikihisi panavuja, madirisha yanafunguliwa na hewa inatoka kwanza, ndipo nizungumzie mita.

AC za inveta zinataka heshima nyingine. Ndani ya bodi ya nje umeme umegeuzwa kuwa DC ya volti 310 na zaidi, na umehifadhiwa kwenye kapasita kubwa ambazo chaji yake ni mara nyingi ya lile kopo dogo. Hizo zinaua. Watengenezaji huandika kwenye kifuniko muda wa kusubiri baada ya kuzima, na muda huo ni wa kufuatwa. Nasubiri, natazama kitaa cha bodi kizimike, kisha napima volti za DC kwenye kapasita zenyewe na sigusi kitu mpaka zishuke karibu na sifuri. Bisibisi hapo ni mwiko. Kompresa yake ina terminali U, V na W, na omu zake zote tatu zinatakiwa zilingane. Mega naiweka kwenye kompresa baada ya kuichomoa kabisa kwenye bodi, vinginevyo volti 500 zinaimaliza bodi, na bodi ya inveta ni pesa nyingi.

Sensa za joto ni kazi nyepesi, na ndipo ninapomwanzishia kijana wangu. Nyingi husoma kiloomu 10 kwenye nyuzi 25, ingawa zipo za 5, 15 na 20. Unaichomoa kwenye bodi, unaishika kiganjani, na omu zinaanza kushuka. Unaitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya barafu, zinapanda karibu mara tatu. Isiyosogea imekufa. Mara ya kwanza kijana aliniita, "Dada, dada, zinashuka zenyewe!" na toka siku hiyo hakuwahi tena kuniuliza kwa nini tunapima.

Vipo vipimo ambavyo haviwezekani bila umeme, na hivyo navifanya mwisho, kifuniko cha sehemu hatari kikiwa kimerudi na vidole viko mbali. Naweka klampu kwenye waya mmoja tu; ukikumbatia moto na nyutro kwa pamoja inasoma sifuri, kwa sababu umeme unaokwenda na unaorudi unafutana. Nasoma ampea na kuzilinganisha na kibao cha AC. Nasoma volti kompresa inapoanza. Zikianguka mpaka 190, shida iko kwenye nyaya za nyumba au laini ya mtaa, na hakuna spea ya AC itakayoiponya.

Mwenye nyumba afanye nini? Badili betri za rimoti, safisha filta, tazama kama breka imeshuka, sikiliza ile ya nje inasema nini ukaniambie kwenye simu. Breka ikishuka tena baada ya kuipandisha mara moja, iache chini. Kifuniko cha nje usikifungue, hata kama video ya simu imeonyesha ni rahisi. Na akipigwa shoti mtu mbele yako, usimshike: kimbilia breka kwanza, au msukume kwa ubao mkavu ukiwa umesimama pakavu, halafu mpeleke hospitali hata akisema amepona, kwa sababu moyo uliopigwa na umeme unaweza kuyumba baadaye.

Ukimwita fundi, mwulize kama ana leseni ya EWURA ya kazi za umeme, na usione aibu kuuliza. Akisema kifaa kimekufa, mwombe akuonyeshe namba kwenye mita na namba iliyoandikwa kwenye kifaa, zote mbili, kabla hujatoa pesa. Kifaa cha zamani akuachie. Na akianza kufungua ile ya nje bila kushusha breka, msimamishe, mpe nauli yake, aende.